Nenosiri ni sahihi, mbona seva inanikataa?

Swali: Ninasimamia seva ya shule ya sekondari hapa Arua, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 na hifadhidata ya PostgreSQL. Umeme ukikatika usiku, asubuhi programu ya alama za wanafunzi haiwaki mpaka niiwashe mwenyewe. Kisha hukubali nenosiri, lakini hukataa tarakimu sita za uthibitisho zinazotolewa na programu ya kwenye simu. Nimebadili nenosiri mara tatu bila mafanikio.

Jibu: Mwalimu, usibadili nenosiri tena, kwa kuwa seva inalikubali. Tarakimu zile sita hukokotolewa kutokana na ufunguo wa siri pamoja na wakati, na hubadilika kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo saa ya seva ikichelewa dakika chache tu, simu na seva haziwezi kupatana.

Andika timedatectl, amri inayoonyesha saa ya seva, kisha ulinganishe na saa ya simu. Nadhani utakuta seva imebaki nyuma kwa takriban muda ule ambao umeme haukuwapo. Betri ndogo ya duara iliyo ndani ya seva, CR2032, ikiisha nguvu, saa ya mashine hupotea, na Ubuntu inapowaka huanzia wakati wa mwisho uliohifadhiwa kwenye diski; ndiyo maana tarehe huonekana sawa na hakuna anayeishuku saa. Intaneti ikiwapo hujisahihisha, lakini bando likiwa limekwisha hubaki hivyo hivyo.

Kwa leo, hakikisha kwanza ukanda wa saa ni Africa/Kampala, la sivyo utakosea kwa saa 3 kamili. Kisha toa amri ya timedatectl set-ntp false, inayozima usahihishaji wa saa kupitia intaneti, weka saa kwa timedatectl set-time, na umalizie kwa timedatectl set-ntp true, inayouwasha tena. Ukiiruka amri ya set-ntp false, mfumo utakataa kubadilisha saa.

Kuhusu programu kutowaka, andika journalctl -b usome kumbukumbu za mfumo tangu seva ilipowaka. Ukiona "the database system is starting up" (yaani hifadhidata bado inawaka), programu ilibisha hodi wakati PostgreSQL bado inajirekebisha baada ya kuzimika ghafla, ikakata tamaa. Ili ijaribu tena yenyewe baada ya sekunde 30, ongeza Restart=on-failure na RestartSec=30 chini ya [Service] katika faili la huduma yake, kisha toa amri ya systemctl daemon-reload ili mfumo usome mabadiliko hayo.

Unapobadilisha betri, zima seva na uchomoe waya wa umeme. Mipangilio ya BIOS, programu ya msingi ya mashine, inaweza kufutika, hivyo kagua tena ile inayoiwasha mashine yenyewe umeme unaporudi.