Dang'a kwa mama aliye kwenye tibakemikali

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yako anatibiwa saratani ya titi, na jirani amewaletea dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya ng'ombe aliyezaa juzi akisema itaua uvimbe na kumrudishia kinga.

Ni kweli kwamba dang'a ina kingamwili nyingi, pamoja na protini iitwayo laktoferini ambayo katika maabara imeonekana kuzuia ukuaji wa baadhi ya seli za saratani. Lakini ya maabara si ya mwilini, na hakuna ushahidi kwamba dang'a huponya saratani ya binadamu. Kingamwili hizo ni za kumlinda ndama, na sehemu kubwa humeng'enywa tumboni mwa mtu mzima.

Ninachohofia zaidi ni kumpa ikiwa mbichi, kwa kuwa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, na maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe. Ikichemshwa, hizo kingamwili zinazosifiwa huharibika.

Nilipomuuguza baba, kila tulicholetewa nilimwonyesha kwanza muuguzi wa kliniki. Fanya hivyo hata kwa dang'a ya unga, maana ina protini zinazochochea ukuaji wa seli, na daktari wake lazima ajue. Kwa nguvu, mpe maziwa yaliyochemshwa, mayai yaliyoiva kabisa na maharage. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali saa ileile, hata iwe usiku wa manane.