Gari huzeeka mipira kabla ya chuma

Mshale wa temperecha ulipanda, na roho yangu ikapanda nao. Baada ya kama dakika moja ukaanza kushuka wenyewe, taratibu, hadi chini kabisa. Nikashusha pumzi, nikaendelea na safari. Hapo ndipo nilipoiua injini.

Gari lenyewe nilikuwa nalo mwezi wa pili tu. Lilikuwa na umri wa miaka 16, dashibodi inasoma kilomita 90,000 na ushee, bodi safi, viti kama vya jana. Aliyeniuzia alikuwa mzee mstaarabu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilitoa mara mbili tatu kwa wiki, na hadi leo naamini hakunidanganya hata neno moja. Ndiyo maana naandika haya. Ushauri mwingi wa kununua gari la mkononi unahusu namna ya kumkwepa muuzaji mwongo. Mimi niliumizwa na muuzaji mkweli na kilomita za kweli.

Rejeta ya magari mengi ya siku hizi ina mwili wa alumini, lakini vichwa vyake viwili ni vya plastiki. Plastiki hiyo ikipikwa na maji ya moto kwa miaka 16 hugeuka kahawia na kukauka kama ganda. Yangu ilipasuka kwenye shingo inapoingia mpira wa juu, maji yakamwagika yote. Sensa ya temperecha imetengenezwa ipime ikiwa imezama majini. Maji yakiisha inabaki inaning'inia hewani, na mshale unaweza kushuka huku chuma kinaungua. Mimi nikadhani gari limejiponya. Nikaliendesha kilomita nne zaidi, likaanza kukosa nguvu, kisha likazimika.

Gereji, fundi alipofungua injini aliweka rula ya chuma juu ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika pistoni), akamulika tochi upande wa pili, akaniita: "Njoo uchungulie mwenyewe, bosi." Mwanga ulikuwa unapita chini ya rula, pale katikati, mwembamba kama uzi. Hedi imepinda. Ikapelekwa kuchongwa kwa mashine, ikawekewa gasketi mpya (kipande bapa cha kuzibia kati ya hedi na injini), na bili ikafika karibu theluthi ya bei niliyonunulia gari. Rejeta mpya ingenigharimu sehemu ndogo sana ya hapo.

Tangu siku ile silitazami gari kuukuu kama nilivyokuwa nikilitazama. Chuma cha injini kikipata oili safi kinaweza kwenda kilomita laki tatu bila kulalamika. Kinachozeeka ni mpira na plastiki, na hivyo havihesabu kilomita. Vinahesabu miaka na joto. Mipira ya rejeta, mikanda, sili za oili, bushi (mipira ya viungo) za miguu ya gari, mipira ya breki, maunti (vishikilio vya mpira) za injini, matairi: gari likilala chini ya mti miaka kumi, vyote hivyo vinazeeka vikiwa vimelala. Kwa hiyo mtu akiniwekea mbele magari mawili, moja lina kilomita 200,000 na daftari la sevisi lililojaa, jingine lina 80,000 na halikuwa likitoka nyumbani, nachukua la kwanza. Wengi hunishangaa.

Basi ukienda kutazama gari, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, uliza kwa nini, na kama una nafasi rudi siku nyingine. Gari likishapata moto huficha mengi.

Likiwa bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta au wa tangi lake la akiba. Unataka kuona kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, yenye rangi yake, iwe kijani, nyekundu au buluu. Maji matupu yenye kutu yanakuambia kwamba mwenye gari alikuwa akiongeza ya bombani, na kwamba kuna mahali yanakopotelea. Ukiona utando wa mafuta juu yake, funga, shukuru, ondoka. Kisha binya mipira ya rejeta kwa vidole. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Ukiwa mgumu kama ubao, au umelegea na kuvimba karibu na klipu, umekwisha. Tazama plastiki ya rejeta inapoungana na alumini: alama nyeupe zilizokauka ni maji yaliyovuja yakaacha chumvi yake. Kagua pia sakafu ya ndani upande wa abiria wa mbele. Zulia likiwa na unyevu unaonata na harufu kama ya kitu kitamu, rejeta ndogo ya hita inavuja, na kuibadilisha kwenye magari mengi ni kufumua dashibodi nzima.

Injini iliyooshwa ikang'aa hainifurahishi. Bora vumbi, maana vumbi huonyesha oili inakotokea.

Sasa liwashwe, wewe ukiwa umesimama nyuma. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache asubuhi ni kawaida. Ukiendelea mweupe hata injini ikishapata moto, na kulanti inapungua, shuku gasketi ya hedi. Moshi mweusi ni petroli inayozidi. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapa watu wengi hukimbia mapema au hununua kwa ujinga, kwa sababu moshi wa buluu ni wa namna mbili. Ukitoka pafu moja tu wakati wa kuwasha, kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka: mpira tena, na dawa yake haitishi. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta barabarani, hizo ni ringi za pistoni, na ringi ni kuifungua injini yote. Katika kuendesha kwa majaribio, shuka mteremko mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kisha chini kanyaga ghafla huku mwenzako anatazama kioo cha nyuma. Sili mbovu hujitangaza hapo pia.

Kwa gari la gia otomatiki, simama, shika breki, toa D (mbele) uweke R (nyuma). Gari likipiga teke, muuzaji mwoga atakupunguzia bei akidhani gia boksi inakufa. Inawezekana kweli. Lakini fungua boneti, mwombe mtu abadilishe gia hizo hizo akiwa ameshika breki sawasawa, uone injini inaruka kiasi gani. Ikiinuka kama inataka kutoka, maunti zimekatika. Nimewahi kumwona jirani akiuza gari kwa bei ya kutupa kwa sababu ya "gia boksi" ambayo ilikuwa vipande viwili vya mpira. Ila usiishie hapo: kama gia boksi ina kijiti cha kupimia, chomoa unuse. Oili ya gia nyekundu ni nzuri, ya kahawia ina umri, nyeusi yenye harufu ya kuungua usiiguse.

Matairi yana tarehe yao ubavuni, ndani ya kiduara kirefu mwishoni mwa herufi za DOT. Ukisoma 2318, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishavuka miaka mitano, na litolewe likifika kumi hata kama kashata zake ni nzima. Usisahau la akiba. Huwa ndilo kongwe kuliko yote, na huvaliwa usiku.

Mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati wake, nisiupite haraka. Kwanza ujue kama injini hiyo ina mkanda au cheni. Ikiwa ni mkanda, kitabu cha gari kitataja kilomita, mara nyingi karibu na 100,000, na vingi vinataja pia ukomo wa miaka, ambao wauzaji hawausemi. Katika injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hukutana na valvu, na siku hiyo huna injini. Muuzaji akisema "ulibadilishwa", omba risiti. Hana risiti, basi haukubadilishwa, na gharama yake itoke kwenye bei. Ukiubadilisha, na kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo, badilisha na pampu, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Chuma nacho kina adui wake, kutu. Piga magoti uangalie chini, hasa kwenye chesi (fremu inayobeba gari) na pale miguu ya gari inapofungwa. Kutu ya juujuu inasuguliwa. Kutu inayotoboka kwa bisibisi mahali pa kubeba uzito sijui dawa yake ya bei nafuu. Vuta na mkanda wa kiti hadi mwisho wake kabisa: gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila kitu, ila tope huwa linasahaulika huko ndani.

Taa za dashibodi: ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini na ya mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha ziwe zimezimika injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda imenyamazishwa na mtu. Magari ya petroli yaliyouzwa mapya Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi chini ya dashibodi ya kuchomekea mashine ya kusoma kompyuta. Mashine ikikuta hakuna kosa lolote, tazama pia kama vipimo vya ndani, ambavyo kompyuta ya gari hujipima yenyewe, vimekamilika. Visipokamilika, mara nyingi kuna aliyefuta makosa muda mfupi uliopita, au betri ilichomolewa. Uliza kwa upole ni kipi kati ya hivyo.

Umeshanunua. Hela usiwe umezimaliza. Mimi nikinunua gari lililozidi miaka kumi natenga kwanza pesa za miezi mitatu ya mwanzo, na kama hazipo, natafuta gari la bei ya chini zaidi ya hilo. Kisha naanza na vinavyoweza kuua mtu, halafu vinavyoweza kuua injini. Breki: pedi, mipira yake, na maji ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili. Kisha mfumo wa maji wote kwa mpigo: mipira, klipu, thamostati (mlango mdogo unaofunguka maji yakipata moto), mfuniko wa rejeta, kulanti mpya, na rejeta yenyewe ikiwa plastiki imeshageuka kahawia. Mfuniko watu huudharau. Ule ndio unaoshikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke mapema, na ndani yake kuna kipete cha mpira kinachozeeka kama vingine. Kisha taimingi, oili, filta. Bushi na shokapu zitasubiri kidogo, zikipiga kelele utazisikia. Rimu na redio tusizizungumzie.

Fundi atakuambia mawili ambayo uyakatae. La kwanza: "Tutoe thamostati, gari halitapata joto tena." Nimeambiwa hivyo gereji tatu tofauti. Bila thamostati injini inachelewa kufika joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi na kulika ndani mapema, na tatizo lililokuwa likileta joto liko pale pale. La pili: oili nzito zaidi eti kwa sababu injini imezeeka. Fuata kitabu cha gari. Kama kinasema 5W-30 (kipimo cha uzito wa oili), oili nzito kuliko hiyo itakufichia tatizo kwa muda tu.

Kwenye spea, bania pesa kwenye kifuniko cha taa au kioo cha pembeni, usibanie kwenye mpira. Nilishawahi kuweka bushi za bei rahisi, hazikumaliza mwaka, na ufundi nikaulipa mara mbili. Omba pia kipande cha zamani kilichotolewa. Fundi mwaminifu hakasiriki, na utajifunza mengi kwa kukishika.

Oili pima kila wiki, gari likiwa limesimama pa tambarare na injini imepoa. Injini kuukuu hunywa kidogo, hilo si aibu. Aibu ni kutojua inakunywa kiasi gani. Mimi naandika kwenye kidaftari kilicho kwenye droo ya dashibodi: tarehe, kilomita, nilichoongeza. Kulanti nayo naiandika, na mara mbili sasa daftari hilo limeniambia kuna uvujaji kabla sijaona tone chini.

Na mshale ukipanda ukiwa barabarani, fungua hita hadi mwisho wa joto na feni yake hadi mwisho, huku unatafuta pa kuegesha. Ikipuliza moto, inasaidia kuipunguzia injini joto. Ikipuliza baridi, huenda maji hayapo, basi zima hapo hapo, hata kama mshale umeshuka. Hasa kama umeshuka. Mfuniko wa rejeta usiufungue mpaka uweze kuushika kwa kiganja wazi bila kuuachia. Hiyo ni nusu saa, mara nyingi zaidi. Kwenye buti nina dumu la lita tano, tochi, klipu mbili na kiti kidogo cha kukunja.