Vijana wa karakana, msiingie kwenye mashine kwa kufuli la mwenzenu

Jumanne iliyopita nilimtoa kijana ndani ya konveya ya bagasi, ule mnyororo unaopeleka makapi ya miwa kwenye boila, kwa kumshika ukosi wa ovaroli. Ana wiki ya tatu kiwandani, ametoka chuo na cheti kizuri, na mikono yake inaijua kazi kweli. Nilipomuuliza umeme umekatwa wapi, alininyooshea kidole kitufe chekundu ukutani: "Nimebonyeza emajensi, fundi." Nikamuuliza kufuli lake, lile la kufungia swichi ya umeme asiiwashe mtu mwingine, liko wapi. "La fundi mkuu lipo kwenye paneli." Fundi mkuu mwenyewe alikuwa kantini anakunywa uji.

Sikumgombeza sana mbele ya watu. Nilimpeleka pembeni, nikamnunulia chai, mikono yangu ikitetemeka kuliko yake. Nipo kwenye viwanda vya sukari tangu 2006, na kila mwaka miwa ikiisha na masika kuanza namwona kijana yule yule kwa sura nyingine. Mnadhani kipindi cha matengenezo ni salama kwa kuwa vinu vimesimama. Wadogo zangu, hiki ndicho kipindi kibaya kuliko msimu wenyewe: kila kona kuna kundi linalofungua mashine, na hatua kumi kutoka hapo kuna kundi lingine linalojaribu kuwasha ya kwao. Basi nayaandika haya, na nikirudia mliyofundishwa chuoni mnivumilie.

1. Emajensi ni ya kusimamishia mashine, usiingie ndani kwa kuitegemea. Kitufe kile kinakata saketi ya kontrol tu, ule umeme mdogo wa kuamuru. Koili ya kontakta, yaani swichi ya sumaku inayoiwasha mota, inaachia, mota inasimama, lakini volti 400 bado zipo upande wa juu wa kontakta zinasubiri, na kontakta ambayo ncha zake zimekwisha kuungua inaweza kuganda. Halafu kitufe hakina mwenyewe. Mtu anayepita akiona kimebonyea atakizungusha kwa nia njema kabisa, na kama mfumo wa kuwasha mashine moja baada ya nyingine kwa mfuatano ulifungwa vibaya, huenda hiyo ndiyo ruhusa ya mwisho iliyokuwa inasubiriwa. Zima breka au isoleta, swichi inayokata umeme mkubwa wenyewe, piga kufuli, ning'iniza tagi yenye jina lako, namba ya simu na saa. Fanya hivyo hata kwa kazi ya dakika mbili.

2. Ukishafunga, jaribu kuwasha. Pale kwenye mashine na kutoka chumba cha kontrol, kote kuwili, kisha rudisha swichi kwenye kuzima. Lakini msidanganyike hapa: konveya inaweza kukataa kuwaka kwa sababu iliyo mbele yake imesimama, wewe ukadhani breka yako ndiyo iliyofanya kazi, kumbe umezima ya jirani. Hilo nimeliona mara mbili. Kwa hiyo fundi umeme apime. Testa ijaribiwe kwanza kwenye umeme uliopo, ipime fezi zote tatu, fezi kwa fezi na kila moja kwa ardhi, kisha ijaribiwe tena kwenye umeme uliopo ili tujue haikufa njiani. Testa ya bisibisi, ile ya taa ndogo, iacheni nyumbani.

3. Kufuli ni la mtu. Hapa naomba mkae.

Ilikuwa Septemba 2011, kiwanda kingine, zamu ya usiku. Wengi mnaofanya kazi nami hamjawahi kunisikia nikilieleza jambo hili. Mnyororo wa konveya ya bagasi uliruka jino kwenye sproketi, gurudumu la meno la mkiani, slati tatu, vile vibao vya kusukumia bagasi, zikapinda, bagasi ikaacha kufika boila. Mnajua kinachofuata: stimu inashuka, tabaini inalalamika, redio hainyamazi. Tulikwenda wawili, mimi na saidia fundi wangu. Alikuwa kibarua wa msimu, miaka 22, mwepesi wa mwili na mwepesi wa kucheka, akiniita kaka tangu siku ya kwanza. Fundi umeme wa zamu alizima breka, nikapiga kufuli langu, ufunguo nikautia mfukoni. Tulijaribu kuwasha, ikakataa. Mpaka hapo tulikuwa sawa.

Yeye hakuwa na kufuli. Stoo ilikuwa inatoa makufuli kwa walioajiriwa tu. Nikamwambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Ingia tu, hili langu linatutosha wote."

Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Yeye alikuwa ndani ya boksi la mkia, mimi nje nakaza boliti za kuvutia mnyororo. Saa nane usiku ikiwa imepita kidogo, mnyororo ukakaa. Nikamwambia atoke, akaitikia, "Natoka, kaka." Nikashuka ngazi. Kutoka mkiani hadi chumba cha paneli ni mwendo wa dakika tatu, unapita chini ya boila. Njiani niligeuka, nikaona mwanga wa tochi umetulia pale juu ya jukwaa, nje ya boksi. Nikajua ametoka. Sikumwita jina. Sikusubiri kumwona uso. Redio ikaita tena, nikajibu "dakika mbili", nikaongeza mwendo. Nikafungua kufuli, fundi umeme akarudisha breka, chumba cha kontrol wakawasha.

Tochi ile aliiweka mwenyewe juu ya reli. Alikuwa ametoka kweli, kisha akakumbuka spana ya 24 imebaki ndani, akarudi kuichukua, maana spana ikipotea stoo inamkata kibarua pesa. King'ora cha kutangulia kuwasha hakikulia. Kilikuwa kibovu kwa wiki kadhaa, na mimi nilikuwa najua.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa usafi aliyekuwa anafagia bagasi chini ya konveya. Alisikia ukelele, akaivuta kamba ya dharura kwa mikono miwili na kuning'inia nayo kwa uzito wake wote. Mnyororo ulikuwa umekwenda kama mita mbili. Nilipofika nikipiga mbio, mama yule alikuwa bado ameishika kamba, analia, hataki kuiachia hata tulipomwambia breka imeshazimwa. Alikuwa sahihi kutotuamini.

Mkono wa kulia ulivunjika sehemu mbili, na asubuhi yake hospitali walikata vidole vitatu. Nilikaa naye ndani ya gari la kiwanda njia nzima, kichwa chake kwenye paja langu. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, hukujua kama nipo ndani?" Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ripoti ilisema kibarua alirudi kwenye mashine bila ruhusa. Niliisaini kama shahidi. Hakuna neno pale lililosema kufuli lilikuwa moja kwa watu wawili, wala kwamba mimi ndiye niliyelifungua. Hilo ni kosa langu la pili, na miaka yote hii sijaweza kusema kuwa ni dogo kuliko la kwanza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Yeye aliumia miaka minne kabla, akapewa fedha ya mkupuo iliyokwisha kabla mkono haujapona. Ilinichukua miezi minane kupata ujasiri wa kwenda kwao. Mama yake alinikaribisha ndani, yeye akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, akaimwaga kidogo kwenye sahani, akaniomba radhi kwa kuimwaga. Aliniomba radhi mimi.

Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki na watoto wawili, na ameniambia amenisamehe. Namwamini. Lakini usiku ule angekuwa na kufuli lake, ufunguo wake ungekuwa ndani ya boksi pamoja naye, na breka isingerudi hata kama redio ingepiga kelele mpaka alfajiri.

Kwa hiyo nikiwaona wawili ndani ya mashine na kufuli moja kwenye paneli, nitasimamisha kazi, na sitajali stimu imeshuka kiasi gani. Kibarua, mwanafunzi wa fildi, kontrakta, hata mpaka rangi anayepaka ngao ya mkanda, kila aliyeingiza mkono awe na kufuli na ufunguo akae nao mwenyewe. Mkiwa wengi, tumieni boksi la makufuli la kundi: ufunguo wa breka unaingia ndani ya boksi, kila mtu anapiga la kwake juu, na boksi halifunguki mpaka wa mwisho atoe. Sapavaiza akisema makufuli yamekwisha stoo, mwambieni kwa heshima kwamba basi kazi inasubiri stoo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imeweka usalama wa mitambo mikononi mwa mwajiri, na kibarua naye ni mfanyakazi. Kabla ya kurudisha umeme, iteni majina, na kila jina liitikie likiwa na uso mbele yenu.

4. Umeme ni mmoja tu kati ya wanaoua. Silinda ya hewa toeni hewa yote mpaka geji isome sifuri, kisha muisogeze kwa mkono. Mzigo ulioning'inia uwekewe vigogo, msiuamini mnyororo wa kreni wala haidroliki. Kwa mvuke, valvu moja haitoshi: fungeni mbili na mfungue dreni iliyo katikati, maana valvu kongwe huvuja hata ikiwa imekazwa. Mota zenye kidhibiti cha mwendo zina kapasita ndani zinazotunza umeme hata baada ya kuzima, subirini dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko kisha mpime. Na wale mliozoea msimu wa miwa, kumbukeni kiwanda kina milango miwili ya umeme, tabaini yetu na TANESCO. Kuzima mmoja si kuzima wote. Jenereta ya dharura je? Ulizeni.

5. Makabidhiano ya zamu. Kazi ikiwa haijaisha, anayeingia anapiga kufuli lake kwanza, ndipo anayetoka anatoa la kwake, wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya paneli ile ile. Kuna mzee mmoja, fundi bora wa giaboksi niliyewahi kumwona, aliyekwenda nyumbani na ufunguo mfukoni siku ya Idi. Kijiji chake kiko mbali, simu imezimwa, na kinu kinasubiri. Meneja wa zamu alikuja na mkasi wa kukatia vyuma. Fundi mkuu wetu wa wakati huo akamzuia, akamtuma bodaboda. Tulisubiri saa tatu na nusu. Mzee akaletwa na kanzu yake nyeupe na mfuko wa pilau kwa ajili yetu, akafungua kufuli, akaomba msamaha, akarudi sikukuuni. Pilau ile tuliila tumesimama pale pale kwenye paneli, na hakuna aliyemsema. Kufuli hukatwa pale tu mwenyewe ametafutwa akakosekana, imethibitishwa hayupo kiwandani, mashine imekaguliwa ndani kwa macho, mkubwa ameweka saini, na mwenyewe ataambiwa kabla hajagusa kazi tena.

6. Lebo za paneli ziliandikwa na binadamu, wengine walishastaafu, fuateni kebo.

Yule kijana wa Jumanne nimemchukua kwenye kundi langu. Anasikiliza, anauliza maswali mazuri, na jana alimrudisha nje mwenzake mwenye umri wa baba yake kwa sababu hakuwa na tagi, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Kufuli lake jekundu lipo kwenye droo yangu, nimeliandika jina kwa rangi nyeupe. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya uji, tunaanzia breka ya konveya ya bagasi. Na wengine ambao hamjapata ya kwenu njooni muda huo huo, nimeshasaini karatasi ya stoo ya makufuli kumi na mbili.