Kabla hujanunua tairi kubwa kwa pikapu uliyoinyanyua

Siku nilipofunga tairi za 285/70R17 kwenye pikapu yangu, niliizunguka pale gereji mara tatu au nne kabla ya kuondoka. Ilikuwa imenyanyuliwa inchi 2, magurudumu yamejaa vizuri ndani ya fenda, na juu ya tairi nilipitisha vidole vinne bila kugusa kitu. Fundi akaniambia, "Kaka, hapa umemaliza." Siku chache baadaye, nikiwa na mzigo nyuma, niliingia kwa mshazari kwenye mtaro uliokatiza barabara ya vumbi. Gurudumu la mbele kushoto likapanda likazama ndani ya fenda, nami nikakata usukani kutafuta pa kutokea. Chini ukasikika mlio kama wa turubai linalochanika.

Nilishuka nikainama kutazama. Plastiki ya ndani ya fenda ilikuwa imevutwa ikakunjamana. Begani mwa tairi kulikuwa na mstari uliong'aa, upana wa vidole viwili, na nyuma ya gurudumu, pale kebini inaposhikana na chasisi, chengachenga za mpira zilikuwa zimeganda kwenye chuma. Tairi lilikuwa na wiki moja tu.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza achukue tairi la saizi gani namjibu kwanza kwa swali: umepima nafasi gari likiwa limesimama au likiwa limebonyea? Springi ndefu zinaliongezea gari kimo linapokuwa limesimama. Zikibonyea hadi mwisho, gurudumu linafika palepale lilipokuwa linafika kabla hujanyanyua, kwa sababu kinacholizuia ni kile kiraba kilichofungwa kwenye chasisi, na hicho hakijasogea. Kwa hiyo gari lililonyanyuliwa linaweza kuonekana lina nafasi ya kumwaga huku nafasi inayotumika porini ikiwa ileile ya zamani.

Kipimo cha kweli kinachukua nusu siku, na naomba usikiruke. Mwombe fundi aweke gari juu ya stendi imara chini ya chasisi (jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu anayeingiza mikono humo), atoe springi ya upande mmoja wa mbele, kisha afunge gurudumu unalotaka kununua, hata la kuazima. Apandishe mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu kwa chini) kwa jeki taratibu hadi uguse kile kiraba. Sasa kata usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, huku ukipitisha kipande cha kadibodi nene pande zote za tairi: mbele kwenye bampa, nyuma kwenye kishikio cha kebini, na ndani kwenye mkono wa juu. Kadibodi ikikwama, hapo ndipo patakapokwangua. Mara nyingi dawa ni ndogo, kukata plastiki kidogo au kuongeza unene wa kile kiraba, lakini ujue mapema. Ikikubidi kukata chuma cha kishikio cha kebini, mimi ningerudi saizi moja chini. Chuma kile kinabeba kebini.

Tuje kwenye namba, maana watu wengi huzisoma ubavuni mwa tairi bila kuzitafsiri. 265/65R17 ni tairi lenye upana wa milimita 265, ubavu wenye urefu wa asilimia 65 ya upana huo, linalokaa kwenye rimu ya inchi 17. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Zidisha mara mbili kwa juu na chini, jumlisha rimu (inchi 17 ni milimita 432), unapata kimo cha milimita 776 hivi, yaani inchi 30.6. Hiyo ndiyo saizi niliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ile 285/70R17 ina milimita 831, karibu inchi 33. Tofauti ni milimita 55.

Lakini kati ya hizo 55, chini ya gari unapata nusu tu, kama milimita 27, maana nusu nyingine imekwenda juu ya ekseli. Na hizo 27 ni za thamani kuliko inchi 2 zote za springi. Kwa pikapu yenye ekseli ngumu nyuma, springi hunyanyua chasisi na bodi. Difu inabaki palepale, kwa sababu imekaa kwenye ekseli na ekseli imebebwa na tairi. Jiwe linalogonga difu yako leo litaigonga hata ukinyanyua gari inchi 6. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Wengi hutumia fedha zote kwenye springi na shokapu kisha wanabaki na tairi zilezile, wakishangaa kwa nini bado wanakwangua.

Hapo ndipo nilipoanza kupenda tairi refu na jembamba. 255/85R16 ina kimo cha milimita 840, inapita hata ile 285 yangu, ila ni nyembamba kwa sentimita 3. Sentimita 3 hizo ndizo zilizokuwa zinakwangua kishikio cha kebini. Ukitaka kubaki karibu na saizi ya kiwanda, 235/85R16 ina milimita 806. Watu husema tairi pana ndilo linaloelea mchangani, na kweli upana unasaidia, lakini ukipunguza upepo tairi hutandika alama yake zaidi kwa urefu, na tairi refu jembamba lenye ubavu mrefu linafanya kazi nzuri sana. Kwenye matope yenye ardhi ngumu chini ndiyo kabisa, linakata hadi chini kutafuta pa kushika. Angalizo ni kwamba si kila pikapu inakubali rimu ya inchi 16, kwani breki za mbele zikiwa kubwa rimu inagusa. Jaribu rimu tupu kwanza.

Kuhusu rimu, kishawishi kikubwa ni zile zinazosukuma gurudumu nje ya bodi. Tazama namba ya ET iliyochapwa kwenye rimu: ni milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari. Ukitoka ET30 kwenda ET0, gurudumu limetoka nje milimita 30. Gari linaonekana pana na limetulia, lakini ukikata usukani tairi sasa linazunguka kwa duara kubwa zaidi na kukutana na bampa mbele na fenda nyuma. Beringi za gurudumu zinabeba mzigo kwa mbali zaidi, na mawe yanarushwa milangoni. Kwa 285 utahitaji kutoka nje kidogo ili tairi lisiguse mkono wa juu, sikatai, ila toka kwa kiasi unachohitaji tu.

Sasa aina ya tairi. Nilitumia M/T, zile za kashata kubwa za matope, kwa mwaka mzima na zaidi. Matopeni zilikuwa furaha tupu, kwa sababu matundu makubwa kati ya kashata hutema tope kila gurudumu linapozunguka. Lakini nilipokaa nikahesabu safari zangu, siku za matope ya kweli zilikuwa chache sana kulinganisha na za lami na changarawe. Kwenye lami zilivuma mpaka tukawa tunapaza sauti ndani ya kebini, na lami ikilowa nilihitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha. Mpira unaogusa lami ni mchache, basi. Sasa natumia A/T, zile za ardhi zote, zenye ubavu ulioimarishwa, na kwa mtu anayetumia gari moja kwa kazi na kwa pori, ndizo ninazomshauri. Anayeishi matopeni wiki hadi wiki achukue M/T bila kusita.

Angalia pia herufi LT (tairi la pikapu na magari ya mizigo midogo) na namba ya mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 121 ni kilo 1,450. Herufi inayofuata ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Usishuke chini ya namba za kiwandani hata kidogo, hasa ukibeba mzigo. Jambo linalosahaulika ni kwamba tairi la LT linafikia uwezo wake kwa upepo mwingi zaidi. Lile la daraja E, moja ya madaraja ya mzigo ya LT, hufikia mwisho kwa PSI 80, hivyo ukilijaza upepo uleule uliokuwa unajaza tairi la kawaida, linabeba pungufu na linapata joto. Usinakili namba ya upepo iliyobandikwa mlangoni. Mimi hutumia chaki: nachora mstari mnene kukatiza kashata zote, naendesha mita mia moja hivi kwenye lami kavu iliyonyooka, kisha natazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Ikiondoka sawasawa, naandika namba ile kwenye karatasi ndani ya kabati la dashibodi, moja ya gari tupu na moja ya gari lenye mzigo. Zisitoke nje ya kiwango cha mzigo cha mtengenezaji wa tairi, lakini.

Mchangani nashuka hadi PSI 18 au 20, kwenye mawe karibu 25, na mwendo naupunguza sana. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa nguvu. Kompresa ndogo iwe ndani ya gari siku zote, maana kurudi lami na upepo wa mchangani ni kuliua tairi.

Kuna gharama ambayo huioni dukani. Tairi langu la kiwandani lilikuwa na kilo 16 hivi. Hili la daraja E lina kama 25. Ongeza kimo chake, na gari zima linahisi limebeba mtu wa ziada kwenye kila gurudumu. Gia ya juu ikawa haikai kwenye vilima, breki zikataka mguu mzito zaidi. Spidomita nayo ikadanganya kwa asilimia 7: ikisoma 100, mwendo halisi ni 107. Kabla ya kulalamikia mafuta, kumbuka kilomita nazo zinahesabiwa pungufu vilevile. Zidisha kwa 1.07 ndipo ugawe kwa lita. Mafuta yaliongezeka, ila si kwa kiasi nilichodhani mwanzoni. Uliza pia bima yako na mamlaka ya usalama barabarani wanaruhusu kubadili kimo na tairi kwa kiasi gani, kwa sababu sheria hazifanani.

Tairi la akiba lazima liwe la saizi ileile. Ukichanganya vimo, difu inalazimika kufanya kazi muda wote kusawazisha mizunguko, na ukiweka fowili (magurudumu yote manne yakivuta) kwenye ardhi ngumu unaumiza gia. Kabla ya kulipa, jaribu kama tairi jipya linaingia pale chini ya bodi linapokaa la akiba. Kwenye gari nyingi tairi la inchi 33 linabana. Ukinunua matano, yazungushe yote matano kila kilomita 8,000 ili yazeeke pamoja.

Dukani, inama usome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Nimewahi kuonyeshwa tairi linalong'aa kama jipya ambalo lilikuwa na miaka sita, nikaliacha palepale.

Ukishafunga, piga alaimenti siku hiyohiyo, kwa sababu kunyanyua gari kumeshabadilisha pembe za magurudumu. Kaza nati tena baada ya kilomita 100. Halafu paka chaki mabegani mwa tairi za mbele, weka mzigo unaobeba kila siku, pita kwenye mtaro mmoja taratibu kwa mshazari huku usukani umekatwa, kisha shuka uangalie chaki imefutika wapi.