Maswali ya Wasomaji: Bomba la moshi la trekta kuukuu

SWALI: Ninakarabati Ferguson TE20 ya petroli. Bomba lake la moshi, ambalo hupita chini ya trekta hadi nyuma, limeliwa na kutu pamoja na sailensa yake. Rafiki yangu ananishauri nisimamishe bomba jipya juu ya boneti, tena bila sailensa, ili injini ipate nguvu zaidi. Je, ni kweli? Zaidi ya hayo, injini ikiwa baridi husikika mlio wa "tiki-tiki" ubavuni, nao hutoweka ikishapata moto.

JIBU: Naomba tuanze na mlio huo, kwa sababu bomba jipya halitauondoa. Yaelekea moshi unavuja pale manifoldi (kipande cha chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba) inapokutana na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba upenyo, ndipo mlio hunyamaza. Ukiona masizi meusi kwenye maungio hayo, umepata jibu. Kabla ya kufungua, lowesha nati kwa mafuta ya kulegeza kutu na uziache usiku kucha, kisha uzifungue polepole bila kulazimisha, maana stadi (msumari wa nyuzi unaoshika nati) ikikatikia ndani ya hedi utakuwa umejiongezea kazi ngumu kuliko ile ya awali. Manifoldi ikishatoka, ilaze rula ya chuma usoni pake: ikiwa imepinda, gasketi mpya (bamba jembamba la kuziba maungio) pekee haitafaa, bali fundi wa mashine aisawazishe kwanza. Wakati wa kurudisha, tumia nati za shaba njano (brasi), ambazo hazishikwi na kutu kama za chuma, ukaze kwa awamu kuanzia katikati kuelekea pembeni, na ukaze tena baada ya injini kupata moto na kupoa.

Kuhusu nguvu, sikubaliani na rafiki yako. TE20, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, ina injini ya mwendo wa taratibu, isiyozidi sana mizunguko 2,000 kwa dakika, na sailensa nzima haiizuii kupumua. Ukiiondoa utapata kelele tu, na masikio ya dereva, anayekaa karibu kabisa na injini, ndiyo yatakayoumia.

Bomba la juu na la chini yote yalikuwapo tangu zamani, na kila moja lina kazi yake. Chini ya miti ya matunda, bomba la juu hugonga matawi na kuunguza majani. Kwenye nyasi kavu au mabua, bomba la chini huweza kuwasha moto, na hatari hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo. Ukichagua la juu, hakikisha kwanza kwamba manifoldi yako ina mdomo unaoelekea huko, kisha uweke kifuniko cha bawaba. Maji ya mvua yakishuka hadi kwenye valvu iliyobaki wazi huingia ndani ya silinda, na trekta iliyoegeshwa miezi michache huweza kukutwa imeganda kwa kutu.

Kwa trekta yako ningerudisha bomba la chini, isipokuwa kama unafanya kazi penye nyasi kavu. Lishikilie kwa klampu kwenye mwili wa trekta, karibu na mwisho wake, kwa kuwa bomba linaloning'inia kwa manifoldi peke yake hutikisika kila injini inapofanya kazi, hadi manifoldi, ambayo ni ya chuma cha kusubu, ipasuke.