Ua linalonuka mzoga bustanini Pongwe

Dada, ulivyoeleza kwamba limechomoza lenyewe bila jani hata moja, rangi ya damu ya mzee, nzi wamelizonga, tena masika ndiyo kwanza yameanza huko Tanga, hilo karibu hakika ni Amorphophallus, jamii moja na magimbi. Acha kutafuta panya aliyekufa. Harufu ndiyo mtego wake: nzi na mbawakawa hufuata mzoga, wakaondoka na chavua. Hukolea siku moja au mbili tu.

Litazame kwa karibu: katikati pana mchi mmoja uliosimama, umezungukwa na kitu kama jani lililojikunja mfano wa kikombe. Baadaye litatoka jani moja, kikonyo kina madoadoa, juu limetanda kama mwavuli. Ukiona nyota ya ncha tano kwenye shina nono lisilo na majani, hiyo ni Stapelia, mmea mwingine kabisa.

Ukitaka kuliondoa, kulikata ua hakusaidii, kiazi kiko chini. Chimba kwa kuzunguka, ukitoe kizima na vitoto vyake. Kimoja kikibaki, mwakani mtaonana. Vaa glavu: utomvu una chembechembe za kalsiamu oksaleti, kali kama sindano, zinawasha vibaya. Watoto wasionje.