Jibu: GDB haioni kigeu cha static cha klasi

Mkuu, unasema ukiandika `print jumla` GDB (programu ya kuchunguza makosa ya programu za C++ zikiwa zinaendeshwa) inakujibu haina jina hilo, ilhali programu yako ya kuhesabu kreti za zabibu za Hombolo inajumlisha vizuri tu. GDB iko sawa. Ukiwa umesimama ndani ya `main`, yaani fanksheni programu inapoanzia, jina tupu halitoshi, maana kigeu cha static ni mali ya klasi nzima, si ya kreti moja moja. Tanguliza jina la klasi, hapa `Kreti`:

`print Kreti::jumla`

Huhitaji hata kreti moja iwe imeundwa. Ukisimama ndani ya fanksheni ya klasi yenyewe, ndipo `print jumla` peke yake inakubali.

Kwa kuwa shida yako ni jumla kuruka ghafla, weka `watch Kreti::jumla` (kukichunga kigeu) halafu `continue` (kuendelea). Programu itasimama kila thamani inapobadilika, ikuoneshe ya zamani na mpya, kisha `bt` (orodha ya fanksheni zilizoitana) ikutajie nani kaigusa. Mimi naona hii inashinda kumwaga `cout` (amri ya kuchapisha kwenye skrini) kila kona.

Ukikutana na `<optimized out>`, yaani thamani haipatikani kwa GDB, kompaili upya kwa `-g -O0` (weka taarifa za GDB, zima uboreshaji wa kompaila). Bado? Angalia kama kigeu umekifafanua kwenye faili la .cpp au umekitangaza tu ndani ya klasi.